Njia za Mawe za Deià

Katika upande wa kaskazini-magharibi wa Mallorca, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Baleari, yasimama safu ya milima iitwayo Serra de Tramuntana. Urefu wake ni kama kilomita 90, na mahali pengi miguu ya milima hiyo imo baharini. Hapo ndipo kilipo kijiji cha Deià, juu ya kilima kidogo baina ya mlima Teix, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000, na ghuba ya mawe ambako wavuvi huweka mashua zao. Wakazi wake hawafiki elfu moja. Wapenzi wa ushairi hukijua kijiji hiki kwa jina la mtu mmoja, Robert Graves, mshairi wa Kiingereza aliyehamia huko mwaka 1929, akaondoka mwaka 1936 vilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akarejea mwaka 1946, na akafia huko mwaka 1985. Kaburi lake limo katika uwanja wa kanisa la kijiji. Lakini iko historia kongwe zaidi, nayo imeandikwa katika njia za miguu ambazo mshairi huyo alizikuta zimekwisha kulika kwa nyayo za watu wasiotajwa katika kitabu chochote.

Jina lenyewe la Deià ni la Kiarabu. Asili yake ni neno lenye maana ya kijiji au shamba. Waislamu waliitawala Mallorca tangu mwaka 902 hadi 1229, na athari zao zimebakia katika majina ya mahali kuliko katika majengo. Biniaraix, Binissalem, Biniamar: kila penye Bini palikuwa pa wana wa fulani, ukoo uliolima na kugawana maji hapo. Msomaji wa mwambao hahitaji mkalimani, kwani naye husema binadamu akikusudia mwana wa Adamu. Kadhalika maneno ya maji. Hadi leo mkulima wa Mallorca huuita mfereji sèquia, kutokana na saqiya. Birika la kunyweshea shamba huliita safareig, kutokana na sahrij. Na tangi la maji ya mvua huliita aljub, kutokana na jubb.

Tarehe 31 Desemba 1229 mji mkuu wa kisiwa ulianguka mikononi mwa Jaume wa Kwanza, Mfalme wa Aragón. Waliokimbilia milimani walipigana kwa miaka kama miwili zaidi. Kisha wengi wakauawa, wengine wakafanywa watumwa, wengine wakavuka bahari. Ardhi yao ikagawanywa, na daftari la mgawanyo huo likaandikwa kwa Kilatini na kwa Kiarabu. Hapana la ajabu katika hayo. Mwenye kutwaa shamba hulitwaa pamoja na mfereji wake, na akiuliza maji yapita wapi, hujibiwa kwa lugha ya aliyeuchimba.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1276, Ramon Llull, mwandishi na mwanafalsafa mzaliwa wa kisiwa hicho, alianzisha chuo mahali paitwapo Miramar, katika njia itokayo Deià kwenda Valldemossa. Humo watawa walifundishwa Kiarabu ili wakahubiri dini yao kwa Waislamu. Hata nusu karne ilikuwa haijatimia tangu mji kuanguka, na lugha iliyokuwa ya shamba na soko imekuwa somo la kujifunzia katika vyumba vya watawa.

Walimaji waliofuata walikabili mlima uleule. Katika mteremko mkali udongo haukai, basi waliukata mlima kwa matuta mithili ya ngazi, na kila tuta wakalizuia kwa ukuta wa mawe matupu, usiotiwa chokaa wala udongo. Ukuta wa namna hiyo hupenyeza maji ya mvua bila kubomoka. Ungalikandikwa, maji yangalijaa nyuma yake na kuuangusha. Juu ya matuta hayo ikapandwa mizeituni. Njia nazo zikajengwa kwa ufundi huohuo: mawe yaliyosimamishwa ubavu kwa ubavu, ngazi fupi zinazofaa hatua ya nyumbu, na vijito vya mawe vya kuelekeza maji pembeni. Fundi wa kazi hii huitwa marger. Hakuacha sahihi yake ukutani.

Kila njia ilikuwa na haja iliyoizaa. Zile za pwani ziliwapandisha walinzi kwenye minara ya kuwatazamia maharamia. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana tarehe 11 Mei 1561 washambuliaji kutoka Algiers waliteremka Sóller, mji jirani na Deià. Mnara huo huitwa talaia, neno lililotoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi kutalii. Njia za vileleni zilikuwa za waokota theluji, walioishindilia katika mashimo ya mawe mpaka ikawa barafu, kisha wakaipeleka mjini kwa nyumbu wakati wa usiku ili isiyeyuke. Za msituni zilikuwa za wachoma makaa, waliohamia huko na watoto wao na kuchunga tanuri usiku na mchana. Ngazi za bonde la Biniaraix ziliwapeleka mahujaji wa Kikristo katika patakatifu pa Lluc.

Wa kwanza kujenga njia kwa ajili ya kutazama tu alikuwa Ludwig Salvator, mwanamfalme wa Austria. Kuanzia mwaka 1872 alinunua mashamba baina ya Deià na Valldemossa, akakataza miti isikatwe, akachonga njia za kwenda kwenye mandhari za bahari, na akaweka nyumba ambamo msafiri yeyote alilala siku tatu bila malipo.

Baadaye haja za kale zikafa moja moja. Reli ya Sóller kwenda Palma ilifunguliwa mwaka 1912 na kupenya chini ya mlima. Mashine za barafu ziliimaliza kazi ya theluji, na gesi ikaizima tanuri ya makaa. Njia isiyopitwa huota miiba, na ukuta usiotazamwa hubomoka jiwe moja kila masika, na jiwe moja huteremka na kumi. Tangu miaka ya 1980 vijana wakaanza kufundishwa tena ufundi wa marger. Njia za kale zikaunganishwa kuwa Njia ya Mawe Makavu, na katika Deià nyumba ya kale ya Can Boi ikawa malazi ya wapita njia. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza milima hiyo katika urithi wa dunia, na mwaka 2018 ikautambua ufundi wa mawe makavu wa nchi nane, Hispania ikiwamo.

Basi haja mpya ya njia ni mgeni. Yeye ndiye aliyeziokoa, na yeye ndiye azilemeaye. Nyumba za walimaji zimekuwa za wageni, na mzeituni usiochumwa hauhitaji ukuta. Baadhi ya njia zimekuwa na ugomvi, mwenye shamba akifunga lango na wanakijiji wakidai kuwa babu zao walipita hapo. Mwaka 2018 bunge la visiwa hivyo likatunga sheria ya njia za umma. Tangu mwaka 2016 mgeni hutozwa kodi kwa kila usiku alalao, na fungu la fedha hizo huenda katika kuhifadhi mazingira na urithi.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kodi hiyo ni jembe la namna yake. Ila fedha haijui kulichagua jiwe lipi likae juu ya lipi. Hilo lajulikana kwa mikono ya watu waishio pale, na mikono hiyo ikihama kwa kukosa nyumba, matuta ya miaka mingi yatarudi kuwa kokoto bondeni, hata wapitao wakiwa maelfu.