Mutuka ya Jadotville: shasi ya Ford, tole ya Carlow na kamio za Katanga

LIKASI – Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wazima wenye kazi na watoto ambao jioni wanakaa mezani kujenga mutuka ndogo za plastiki. Wananunua kisanduku, ndani kuna vipande vimefungwa pamoja kama matawi, na karatasi ya kuonyesha nini inaingia wapi. Ukubwa unaopendwa kwa mutuka za jeshi ni moja kwa 35: mutuka yenye urefu wa metre 4 na nusu inakuwa kitu cha sentimetre 13 hivi, unaishika mkononi.

Kazi hiyo si ngumu kama mutuka unayoitaka iko dukani. Shida inaanza pale mtu anapotafuta mutuka iliyotengenezwa kwa idadi ndogo, mahali padogo, zamani sana. Hapo fundi anachukua shasi na magurudumu katika kisanduku kimoja, mitrayezi katika kingine, na bodi anaikata mwenyewe katika karatasi ngumu ya plastiki. Visanduku viwili au vitatu vinakufa ili mutuka moja izaliwe.

Historia ya Likasi ina mutuka ya namna hiyo. Jambo la kushangaza ni kwamba hata ile ya kweli, ya chuma, ilijengwa kwa njia ile ile.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Ireland haikuingia upande wowote. Jeshi lake lilitaka mutuka za chuma za vita, lakini Uingereza ilikuwa na vita vyake na haikuwa na za kutoa. Hata zile zilizoagizwa Sweden, sehemu yake haikufika. Wairlandi wakatazama walichokuwa nacho nyumbani. Ford ilikuwa na kiwanda katika mji wa Cork tangu wakati wa vita vya kwanza. Baba yake Henry Ford mwenyewe alizaliwa upande huo wa nchi. Basi shasi za kamio za Ford zilipatikana. Katika mji mdogo wa Carlow kulikuwa na atelie ya Thompson, watu wa kukata na kuunga vyuma. Wakafupisha shasi, wakapandisha juu yake sanduku la chuma, na juu ya sanduku wakaweka kichwa cha kuzunguka chenye mitrayezi ya Vickers. Mutuka hiyo ikaitwa Ford, na aina ya mwisho ikapewa namba 6.

Fundi yeyote wa Likasi anaelewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mutuka ngapi zinatembea leo kati ya Kikula na Panda na moteri ya mutuka moja, boite ya nyingine, na mlango uliotoka kwa ya tatu? Watu wa Carlow walifanya hivyo kwa sababu ile ile: kitu kinahitajika, na anayekiuza hayupo.

Mutuka hizo hazikupigana vita vya Ulaya. Zilikaa miaka karibu 20 zikilinda nchi ambayo hakuna aliyeivamia. Halafu mwaka 1960 Kongo ikapata uhuru, Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai, na Umoja wa Mataifa ukaomba askari. Ireland ikatuma batayo zake, na baadaye mutuka za Carlow zikawafuata. Chuma cha kizee, kilichokusudiwa barabara zenye mvua na baridi, kikajikuta katika vumbi la Katanga.

Likasi wakati huo iliitwa Jadotville. Jina hilo lilipewa mji kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa walioanzisha Union Minière, na lilidumu hadi 1966. Mwanzoni mwa Septemba 1961 kompani A ya batayo ya 35 ya Ireland ilifika hapa, watu zaidi kidogo ya 150, wengi wao vijana ambao hawajawahi kusikia risasi. Mkubwa wao alikuwa komanda Pat Quinlan. Waliambiwa wanakuja kulinda wazungu wa mji. Walipofika wakakuta wazungu hao hawataki kulindwa na ONU hata kidogo. Wengi walikuwa upande wa Tshombe. Wairlandi wakapanga kambi kwenye nyumba za kando ya barabara ya Elisabethville, karibu na garage ya Purfina, na wakaanza kuchimba mashimo. Quinlan alilazimisha kila mtu achimbe. Pengine mashimo hayo yaliokoa maisha kuliko silaha yoyote waliyokuwa nayo.

Silaha zao zilikuwa chache. Walikuwa na bunduki, mota ndogo, na mutuka mbili za Ford kutoka Carlow.

Tarehe 13 Septemba, siku ONU ilipoanza operesheni yake huko Elisabethville, jandarma wa Katanga pamoja na askari wa kulipwa waliwashambulia asubuhi, wakati wengi wa Wairlandi walikuwa wanasali misa. Vita viliendelea mpaka tarehe 17. Mota zilipiga. Ndege ya jeti aina ya Fouga Magister, ambayo Katanga iliinunua Ufaransa, ilikuja kutupa bombe na kupiga risasi. ONU haikuwa na ndege ya vita ya kuijibu. Vikosi vilivyotumwa kuwasaidia vilizuiwa kwenye daraja la Lufira, mara ya kwanza na mara ya pili.

Ni hapa ambapo zile mutuka mbili zinastahili kutazamwa karibu. Vickers ni mitrayezi ya kale inayopozwa kwa maji: bomba lake limevikwa koti la chuma, na ndani ya koti hilo mnaingia karibu litre 4. Ukipiga muda mrefu, maji yanachemka na kugeuka mvuke, na lazima uongeze mengine. Ni silaha ya kuaminika sana, mradi una kisima karibu. Huko Jadotville, maji yalikatwa, na ilikuwa Septemba. Kila mtu aliyeishi Likasi anajua Septemba na Oktoba: mvua haijafika, jua linaunguza tole, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo kambi ile ilikuwa na watu wenye kiu na silaha zenye kiu, vyote vikitazama ndoo moja.

Helikopta moja, ikiongozwa na rubani Mnorwe na mwenzake Msweden, ilijaribu kuwaletea maji. Ilitua chini ya risasi. Maji yalikuwa katika bidoni zilizowekwa petroli zamani, na hazikuoshwa vizuri. Hakuna aliyeweza kuyanywa. Helikopta yenyewe iliharibika na kubaki pale pale.

Tarehe 17, bila maji, bila risasi za kutosha, na bila msaada njiani, Quinlan alikubali kuweka silaha chini. Watu wake 5 walikuwa na majeraha. Hakuna aliyekufa. Walishikwa mpaka mwezi wa Oktoba, halafu wakabadilishwa na wafungwa wa Katanga. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, ndege ya katibu mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola alipokuwa anakwenda kuonana na Tshombe. Kifo hicho kikaifunika habari ya Jadotville.

Katika Elisabethville mambo hayakwenda hivyo. Mutuka nyingine ya Ford ya Wairlandi ilipigwa siku hizo hizo karibu na Radio College. Chuma cha Carlow hakikuweza kuzuia silaha ya kutoboa chuma. Askari wawili walikufa, na mwili wa mmoja wao, kijana Patrick Mullins, haujapatikana mpaka leo.

Upande wa Katanga nao ulijenga. Jandarmeri ilikuwa na mutuka za vita za kweli, M8 Greyhound za Marekani zilizoachwa na Force Publique, zenye kanone ya milimetre 37. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo, kama vita vinaweza kuchekesha: Greyhound nazo zilitengenezwa na Ford, kwenye viwanda vyake vya Marekani. Ford ilikuwa upande huu, na Ford upande ule. Lakini Greyhound hazikutosha. Basi katika atelie za Katanga, kamio za kawaida za kubeba mizigo zilivikwa tole nene, zikatobolewa matundu ya bunduki, zikatumwa vitani. Picha chache zilizobaki zinaonyesha masanduku mazito, kila moja na sura yake, kwa sababu kila moja lilitoka mkononi mwa fundi wake. Katika nchi ya shaba, watu wa kukata chuma na kusude hawakukosekana.

Turudi kwenye meza ya plastiki. Anayetaka kujenga Greyhound ya Katanga ana raha: Tamiya ya Japani na Italeri ya Italia zimeitoa kwa moja kwa 35. Fouga Magister nayo iko dukani, Heller ya Ufaransa iliitoa kwa moja kwa 72. Kwa Ford ya Carlow, fundi lazima afikiri. Anatafuta kisanduku cha kamio ya Ford ya miaka ile ili apate shasi na magurudumu. Gurudumu ndilo linakuwa rula yake: ukijua kipimo cha gurudumu la kweli, unalipima kwenye picha, halafu unahesabu sanduku la chuma lina urefu wa magurudumu mangapi. Ukikosea hapo, hakuna rangi itakayokuokoa. Vickers anaitoa katika kisanduku cha askari wa Kiingereza. Kisha anakata bodi, upande kwa upande.

Gundi ya kazi hiyo si gundi kama ya kiatu. Ni maji makali yanayoyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikaingiana na kuwa kitu kimoja. Ni soudure ya baridi. Baada ya hapo, mastiki kwenye nyufa, na rangi ya kijivu juu ya yote. Rangi hiyo ya kwanza ndiyo hakimu. Kabla yake, kipande cha kisanduku hiki ni cheupe na cha kile ni kibichi, jicho linasamehe. Ikishapakwa, kila kiungo kibaya kinaonekana.

Kuna jambo ambalo mafundi hao wanalalamikia, nao wana haki. Kwa mutuka ya Wairlandi kuna picha, kuna wazee waliosimulia, na kuna mutuka za kweli zilizohifadhiwa Ireland ambazo mtu anaweza kuzizunguka na metre mkononi. Ireland yenyewe ilichelewa: kwa miaka mingi watu wa Jadotville walionekana nyumbani kama watu waliojitoa kwa adui, na Quinlan alifariki mwaka 1997 bila kusafishwa jina vya kutosha. Filamu ilitoka 2016, na mwaka 2017 waliobaki wakapewa medali yenye jina la Jadotville. Lakini kamio za tole za Katanga hazina mtu wa kuzisimulia. Nani aliyezikata? Tole ilikuwa milimetre ngapi? Nyuma zilifungwaje? Picha nyingi zilipigwa kutoka mbele. Na vijana walioingia ndani yake, wengine wakafa, majina yao hayako kwenye jiwe lolote hapa mjini.

Sababu moja inajulikana na kila jamaa ya Likasi. Mji huu umetawanya watu wake zaidi ya mara moja. Mwaka 1961 maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya ONU huko Elisabethville. Kuanzia Agosti 1992, jamaa za Kasai, zikiwemo za wafanyakazi wa Gécamines na wa njia ya reli waliozaliwa hapa hapa, walifukuzwa majumbani, wakalala mashuleni na kwenye gare ya Likasi wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengine walifia njiani. Mtu anayepanda treni ya namna hiyo anabeba sufuria, blanketi na mtoto. Kartoni ya picha za baba inabaki kwenye kabati.

Watoto, wao, hawakuhitaji kabati. Mutuka ya waya ya Katanga inajengwa popote: waya kwa shasi, kopo la maziwa kwa bodi, kandambili iliyokatwa kwa magurudumu, na mti mrefu wenye usukani ili dereva atembee wima nyuma ya mutuka yake. Hakuna karatasi ya kuonyesha. Mtoto anatazama kamio inayopita, anaishika kichwani, anakwenda kuijenga. Na anaijenga kwa uangalifu ambao mafundi wa plastiki wangeuheshimu: kamio ya mizigo haifanani na jeep, na ole wake atakayezichanganya mbele ya wenzake.

Ndiyo sababu swali la kamio za tole bado linaweza kupata jibu. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwezi wa Septemba 1961 ana zaidi ya 70 sasa. Kama alikuwa mtoto wa kambi ya wafanyakazi, Panda au Shituru, na kama kamio moja ya namna ile ilipita mbele yake, inawezekana kabisa kwamba aliijenga kwa waya wiki ile ile. Mzee huyo anaweza kuwa Kikula, au Mbuji-Mayi, au Kananga. Wajukuu walio na simu wamuulize mambo matatu: matundu ya bunduki yalikuwa mangapi kila upande, mlango ulikuwa wapi, na rangi ilikuwa gani.