Neno la Mwathirika Mahakamani: Ridhaa, Uaminifu na Lugha ya Ushahidi katika Mashauri ya Ubakaji Tanzania

Historia ya sheria ya ubakaji nchini Tanzania ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali moja: neno la mwathirika lina uzito gani linaposimama peke yake? Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1736, baada ya kifo chake, jaji Mwingereza Matthew Hale alionya kwamba tuhuma ya ubakaji ni rahisi kutolewa na ni vigumu kukanushwa hata na asiye na hatia. Onyo hilo liligeuka kuwa utaratibu wa mahakama na likafika Afrika Mashariki pamoja na sheria za kikoloni. Hakimu alitakiwa kujionya kabla ya kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mlalamikaji usioungwa mkono na ushahidi mwingine. Hivyo mwanamke alipanda kizimbani akiwa ameshashukiwa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilivunja utaratibu huo. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kilieleza kuwa majeraha au dalili nyingine za kupambana si sharti la kuthibitisha kukosekana kwa ridhaa. Usemi kwamba kimya ni kukubali ukapoteza nguvu yake kisheria. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi nacho kiliruhusu mshtakiwa kutiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, mradi mahakama iridhike kuwa anasema kweli na itoe sababu. Katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kuwa ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe.

Hata hivyo, shaka haikutoweka. Ilihamia kwenye lugha. Mahakama ya Rufani imeshikilia kuwa kauli ya jumla, kama vile “alinibaka”, haitoshi bila maelezo ya kuingiliwa kimwili. Matakwa hayo yanagongana na adabu ya Kiswahili, ambayo humfunza msemaji kusitiri kwa tafsida: “alinifanyia tabia mbaya”. Katika maamuzi mengine mahakama hiyo imekubali tafsida, kwa kuzingatia umri, malezi, dini na hadhira ya shahidi.

Tatizo huongezeka ushahidi unapotolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyozoeleka kwa miongo mingi katika mahakama zilizo juu ya Mahakama za Mwanzo. “Aliniingilia” ni tafsida, lakini mzizi wake, -ingia, umebeba tendo lenyewe. Likitafsiriwa kwa neno linalomaanisha kusumbua tu, tendo hupotea kwenye kumbukumbu, na jaji wa rufani husoma ushahidi pungufu kuliko uliotolewa.

Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Makala haya yanapendekeza hatua moja mahususi: katika mashauri haya, maneno halisi ya shahidi kuhusu tendo na ridhaa yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata pale mwenendo unapoandikwa kwa Kiingereza. Kumbukumbu ya namna hiyo humlinda mlalamikaji dhidi ya tafsiri mbovu, na humlinda mshtakiwa dhidi ya maneno ambayo shahidi hakuyasema. Sheria ilikwisha kulipa neno la mwathirika uzito. Kilichobaki ni kulihifadhi.