Kisawiri, Si Kadi ya Michoro

Kijitabu cha mafunzo ya uhariri wa video kilichonifikia majuzi kinamwagiza mwanafunzi anayejiundia kompyuta nyumbani atafute vitu sita: kichakataji, ubao mama, kumbukumbu, diski, ugavi wa umeme na “kadi ya michoro”. Majina matano ya kwanza nimeyavumilia, ingawa huo ubao mama nao una siku yake ya kujibu mashtaka. La sita halivumiliki. Istilahi isiyoeleweka humfanya msomaji aulize, akaelezwa. Hii inaeleweka upesi, ila inaeleweka visivyo, na mwanafunzi hulipia kosa hilo kwa pesa zake mwenyewe.

Tuanze na chimbuko la kosa. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC, mnunuzi aliwekewa kadi mbili za kuchagua. Moja iliweza kuonyesha maandishi tu. Nyingine, iliyoitwa CGA, iliweza pia kuchora mistari na maumbo kwa nukta 320 kwa 200, kwa rangi nne. Wakati huo jina la michoro lilistahili, kwa kuwa kazi ilikuwa michoro kwelikweli. Leo fremu moja ya video ya 4K ina nukta 8,294,400, na kwa fremu 25 kwa sekunde hizo ni nukta zaidi ya milioni 207 ambazo kifaa hufumbua, hupaka rangi na kufunga upya kila sekunde. Hapo hachori mtu. Kamati ya istilahi iliyotupa “kadi ya michoro” ilifasiri kifaa cha 1981 na kukibandika juu ya kifaa cha leo, kisha ikafunga kikao.

Najua watetezi wake watasema nini, maana nimeshaambiwa ana kwa ana. Watasema neno la Kiingereza “graphics” limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki “graphein”, ambacho maana yake ya kale ni kukwaruza, kuchonga, kuandika. Na kuchora kwetu pia ni kukwaruza alama juu ya ubao, ukuta au ngozi. Kwa hiyo michoro ndiyo fasiri kamili. Hoja hiyo ni ya msomi aliyesoma mizizi akasahau mti. Istilahi hutaja kazi ya kitu, haitaji nasaba ya jina lake huko ugenini. Tungefuata njia hiyo kila mara, tusingekuwa na kipaza sauti wala kinasa sauti, maneno mawili ambayo mtoto wa darasa la tatu huyaelewa bila kufundishwa.

“Kadi” nayo ina dhambi yake. Prosesa nyingi za Intel hubeba kifaa hiki ndani yake zenyewe. Hakuna kadi ya kuchomeka wala ya kuchomoa. Na kwa mhariri wa video, hicho cha ndani ni johari. Baadhi ya kamera za Sony na Canon hurekodi video ya HEVC ya biti 10 kwa mpango wa rangi wa 4:2:2. Prosesa za Intel tangu kizazi cha 11 huifumbua kwa kifaa chao cha ndani, ilhali kadi za GeForce zilingoja mfululizo wa RTX 50, mwaka 2025. Lakini prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa namba yake haina kifaa hicho. Mwambie mwanafunzi kwa Kiswahili cha kamati kwamba prosesa hiyo “haina kadi ya michoro ndani”, uone atakavyokutazama. Kadi ndani ya prosesa? Anajua kadi ya mwaliko na kadi ya kura.

Madhara yake nimeyaona barabara ya Luthuli, Nairobi, kwenye kibanda cha ghorofani chenye kaunta ya kioo, prosesa zimepangwa chini yake kama saa za mkononi. Kijana aliyetoka Kawangware alikuwa na kijitabu kilekile mkononi, mstari wa sita ameupigia wino. Alisoma kwa sauti: kadi ya michoro.

“Bosi, wewe huchora manyumba?” muuzaji akamuuliza.

“La, mimi huhariri video za harusi.”

“Basi hiyo ya michoro ni ya nini? Weka hizo pesa kwa prosesa.”

Naye akaweka. Prosesa aliyofungiwa ilikuwa na herufi F, na kadi akaiacha dukani. Muuzaji hakumdanganya; alijibu neno aliloulizwa. Kijana alirudi siku iliyofuata akilalamika kwamba skrini haiwaki, na isingewaka, kwa sababu hakuna chochote ndani ya kasha lake cha kuipelekea picha. Wa kulaumiwa ni aliyemwandikia mstari wa sita.

Mimi nasema kisawiri, na nitaendelea kusema hivyo.

Mzizi wake ni “sura”, na hapa msomaji awe mwangalifu, kwa maana Kiswahili kina sura mbili. Sura ya kitabu imetoka kwenye Kiarabu chenye herufi sin. Sura ya mtu, yaani umbo na uso wake, imetoka kwenye herufi sad. Hati ya Kirumi ndiyo iliyozichanganya. Kutokana na sura hii ya pili Waarabu waliunda kitenzi cha kutia kitu umbo, nasi tukakipokea: kusawiri. Jina la kitendo chake ni taswira. Mwislamu wa Lamu au Mombasa anaujua mzizi huo hata kabla ya kwenda shule, kwa kuwa Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, ni mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Na katika Kiarabu cha leo, “taswir” ndilo neno la kupiga picha na kurekodi filamu. Ndugu wa neno letu, basi, ameshazoea kazi ya kamera.

Tazama sasa linavyokaa jirani na neno la kazi yenyewe. Kuhariri kumetupa tahariri; kusawiri kumetupa taswira. Ni umbo lile lile la kitenzi, na jina limeundwa kwa njia ile ile. Kutokana na kuhariri tulipata mhariri bila kubadilisha irabu hata moja. Kutokana na kusawiri tunapata kisawiri kwa kanuni hiyo hiyo, ki- ya ala ikikaa mahali pa m- ya mtu. Mhariri na kisawiri chake: ni nani asiyesikia kwamba maneno haya yamezaliwa nyumba moja?

Mwenzangu mmoja, ambaye ana istilahi yake ya maneno manne ambayo hata yeye huifupisha, alitangaza ukumbini kwamba kisawiri ni neno la washairi. Namjibu kwa maandishi, kwa kuwa siku ile sikupewa nafasi. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya ameulizwa swali la usawiri wa wahusika katika riwaya au tamthilia. Neno wanaloliandika maelfu ya vijana katika insha za mtihani si mali ya washairi. Ni mali ya umma, na inasikitisha kwamba wanaoteuliwa kutunza lugha ndio wa mwisho kujua vijana wameshajifunza nini.

Kwa matumizi: kisawiri, visawiri, kisawiri cha ndani kwa kile kilichomo katika prosesa, kisawiri cha kadi kwa kile cha kuchomekwa. Mhariri wa 4K atafute kisawiri cha kadi chenye kumbukumbu yake ya GB 8 au zaidi, RAM ya GB 32, na pawasaplai inayokitosha kisawiri hicho.

Nawaomba, basi, wauzaji wa Luthuli na Moi Avenue waliandike neno hili kwenye vibandiko vyao vya bei. Nawaomba wahariri wa River Road, walioipa nchi tasnia ya filamu ya Riverwood bila kungoja kamati yoyote, na vijana wa Kawangware na Kangemi wanaohariri harusi za Lavington, walitamke wanapoagiza. Walimu nao waufute ule mstari wa sita na kuandika kisawiri. Kamati italikuta neno limeshakaa sokoni.