Mifumo miwili ndani ya tarakilishi moja: Jinsi ya kuiweka bila kupoteza faili

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliozinduliwa Julai 2015. Walioachwa njia panda ni wale ambao tarakilishi zao bado ni nzima lakini haziwezi kupokea Windows 11. Mfumo huo mpya hudai kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, aghalabu hukubali prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kipakatalishi cha mtumba kilichonunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, kikiwa na prosesa ya kizazi cha sita, hakitimizi masharti hayo hata kama kinafanya kazi barabara.

Zipo njia za kujinasua, na mojawapo ni kuweka Linux kando ya Windows katika diski moja, kisha kuchagua utakaoutumia kila unapowasha mashine. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland. Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya aina zake mashuhuri, ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hailipiwi. Toleo la 24.04, lililotoka Aprili 2024, liliahidiwa masasisho ya miaka mitano.

Mbona basi mtu asiitupilie mbali Windows? Sababu ni kazi. Mhasibu anayetumia QuickBooks ya kusakinishwa au mchoraji wa ramani za majengo anayetegemea AutoCAD hatapata toleo la Linux la programu hizo. Hata hivyo, Windows isiyosasishwa ni heri itumiwe kwa kazi zisizohitaji intaneti, nayo barua pepe na shughuli za benki zihamishiwe upande wa Linux.

Kabla ya kugusa chochote, yafaa kuelewa yanayotendeka mashine inapowashwa. Programu asilia iliyotiwa ndani ya tarakilishi kiwandani huamka kwanza. Hiyo hutafuta kwenye diski programu ndogo ya kuwashia, nayo ndiyo huuita mfumo endeshi. Katika mashine za kale zinazotumia BIOS, programu hiyo ya kuwashia hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, mahali panapotosha mwenyeji mmoja tu. Ndiyo maana mafundi husisitiza Windows itangulie na Linux ifuate: Windows ikija nyuma humfukuza aliyemo bila kumuuliza. Mashine zinazotumia UEFI zina sehemu maalumu ya diski ambamo programu kadhaa za kuwashia huishi pamoja bila ugomvi.

Kujua yako ni ipi, andika msinfo32 kwenye sanduku la kutafutia la Windows kisha usome mstari wa BIOS Mode. Neno Legacy lamaanisha ni ile ya kale. Katika mtindo huo wa kale diski hairuhusu zaidi ya sehemu kuu nne, na ukikuta zote nne zimeshatumika, usiendelee hadi upate fundi anayeielewa hali hiyo.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo wengi huharakisha wakajuta. Nakili faili zako zote muhimu kwenye diski ya nje. Kuzihamisha kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski iyo hiyo hakukuhifadhi chochote. Kisha chunguza iwapo diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, hifadhi kando ule ufunguo wa tarakimu 48, kwani bila huo Windows yaweza kukataa kufunguka baada ya mabadiliko. Afadhali zaidi uizime BitLocker kabisa na kusubiri hadi diski yote ifunguliwe.

Jambo la pili la kuzima ni kile kiitwacho Fast Startup, kilichomo katika mipangilio ya umeme. Windows ikizimwa huku kipengele hicho kikiwa hai, huwa haijazimika kikamilifu, bali huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iamke upesi. Linux ikiingia wakati huo hukuta diski kama nyumba ambayo mwenyewe hajatoka: hukuruhusu kusoma faili, ikakataa kuandika. Ukilazimisha, faili zaweza kuharibika.

Kutenga nafasi ni kazi ya Windows yenyewe. Fungua Disk Management, chagua sehemu ya C, uipunguze. Ubuntu huhitaji angaa GB 25, ingawa kwa matumizi ya kila siku GB 50 ni bora. Nafasi iliyopatikana iache tupu. Wakati mwingine Windows hukataa kupunguza kiasi unachotaka ilhali nafasi ipo tele. Kisa ni faili zisizohamishika zilizokaa mbali ndani ya diski.

Pakua Ubuntu kutoka tovuti yake rasmi. Faili hiyo ni ya takriban GB 6, kwa hivyo usitegemee bando la simu. Iandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu iitwayo Rufus, ukijua kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Washa mashine upya huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Hakikisha imewashwa kwa mtindo ule ule wa Windows, yaani UEFI kwa UEFI.

Usikimbilie kusakinisha. Ijaribu Ubuntu ikiwa bado kwenye flashi: je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Ukiridhika, chomeka chaja, maanake stima ikipotea katikati ya kazi huku betri ikiwa imechoka, hasara ni yako. Usakinishaji utakupa chaguo la kuiweka Ubuntu kando ya Windows na jingine la kufuta diski nzima. Soma mara mbili kabla ya kubofya. Chaguo la kwanza lisipoonekana, sitisha shughuli yote.

Baada ya hapo, kila uwashapo utaona orodha ya GRUB ikikusubiri uchague. Windows isipoonekana, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili /etc/default/grub kisha uendeshe amri sudo update-grub.

Usishtuke pia saa ya Windows ikirudi nyuma kwa saa tatu. Linux huhifadhi saa ya dunia kwenye mashine, nayo Windows huidhania kuwa saa ya Nairobi. Amri timedatectl set-local-rtc 1 huwapatanisha.

Masasisho ya Windows nayo huweza kuzua balaa. Yale ya Agosti 13, 2024 yalizifanya baadhi ya tarakilishi zenye mifumo miwili kukataa kuiwasha Linux. Weka flashi yako ya Ubuntu mahali pa salama.

Na ukiamua baadaye kuiondoa Linux, usianze kwa kuifuta sehemu yake. Katika mashine ya UEFI, ingia kwanza kwenye mipangilio asilia uweke Windows Boot Manager mbele. Katika ile ya kale, washa kwa flashi ya Windows, uendeshe amri bootrec /fixmbr, uhakikishe Windows inafunguka peke yake, ndipo ufute.