Mwalimu Si Mpiga Ramli

"Mwalimu ametabiri B ya Kemia? Kwani yeye mpiga ramli?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Unguja, tumeketi naye kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa shule moja ya London, jioni ya mwezi wa Juni. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa pale kama mkalimani, mwalimu akataja "predicted grades", nami bila kufikiri nikasema "gredi alizotabiriwa" na kuendelea mbele. Mama hakuendelea. Binti yake, anayetaka kusomea ufamasia, akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Nilistahili kuchekwa, ila neno lenyewe si la mchezo. Nchini Uingereza mwanafunzi huomba chuo kikuu kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia UCAS, taasisi yenye makao yake Cheltenham: fomu moja, vyuo visivyozidi vitano, na kwa udaktari vinne. Anayetaka Oxford, Cambridge au udaktari lazima fomu yake iwe imefika tarehe 15 Oktoba. Wengine wengi hupewa hadi Januari. Mitihani ya A-level yenyewe ni Mei na Juni, na matokeo hutoka Agosti. Kwa hiyo chuo kinaamua kikiwa hakina matokeo mkononi. Pengo hilo huzibwa na herufi ambayo shule humwandikia mwanafunzi kwa kila somo, kuanzia A yenye nyota kushuka chini. Mwanafunzi haijazi mwenyewe. Chuo kikiridhika humpa nafasi yenye masharti: leta AAB Agosti, uje.

Kiswahili hakina neno la jambo hili. Halikuhitajika. Tanzania mtahiniwa wa kidato cha sita hufanya mtihani Mei, matokeo hutoka Julai, ndipo dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa. Kenya nako taasisi ya KUCCPS hupanga wanafunzi vyuoni matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa. Kinachokaribia kidogo ni ule mtihani wa majaribio ambao Tanzania huitwa wa utamilifu na Kenya wa mwigo, lakini huo humwonyesha mwanafunzi alipofikia tu, chuo hakiuulizi. Wanaolihitaji neno ni wazazi Waswahili wenye watoto katika shule za Uingereza, na wale wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambao watoto wao wanafuata mtaala huohuo.

Tuanze na "gredi". Ningependa "daraja", neno zuri la kwetu, lakini Mtanzania akisikia "daraja la kwanza" anafikiria jumla ya pointi za masomo kadhaa, na hapa tunazungumzia herufi ya somo moja moja. "Alama" nayo huchanganya B na 73. Gredi basi, na Wakenya watafurahi.

Sehemu ya pili ndiyo yenye kazi. "Kutabiri" asili yake ni Kiarabu, na huko kiini chake ni kufasiri ndoto. Kwetu limebaki kwa manabii na watu wa hali ya hewa. Mama yule hakukosea kusikia ramli ndani yake. "Kubashiri" lilikuwa neno la bishara, habari njema, lakini vijana wa leo wamelihamishia kwenye mechi za Jumamosi. Mwambie kijana wa Kinondoni kwamba gredi zake zimebashiriwa, atakuuliza mkeka umechanika au bado. "Kukisia" ni kulenga gizani.

"Gredi tarajiwa" ni mpinzani wa kweli. Linatamkika, na tumezoea bwana harusi mtarajiwa. Tena UCAS wenyewe hueleza kwamba ni gredi ambayo shule inaamini mwanafunzi atafikia mambo yakimwendea vizuri, kwa hiyo tumaini limo ndani yake. Ninachohoji ni tumaini la nani. Mama wa Unguja alitarajia A kwa masomo yote matatu, na alikuwa na haki ya kutarajia. Mwongozo wa UCAS, hata hivyo, unataka gredi hizi zitokane na ushahidi na uamuzi wa kitaaluma, si shinikizo la mzazi wala la mwombaji.

Ninabaki na "kukadiria". Gredi za makadirio. Kila Juni Bungeni Dodoma husomwa makadirio ya mapato na matumizi, na hakuna anayedhani waziri ameota. Fundi hukadiria mifuko ya saruji baada ya kupima kuta. Ukitaka abadilishe hesabu, kumbembeleza hakusaidii. Unamwonyesha ukuta ambao hakuupima.

Neno hili nalo lina mtego wake, na mtego huo ndio unaonipendeza. "Kadiri", kipimo, na "kadari", yale aliyokwisha kuyaamua Mungu, yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Irabu moja tu inayatenganisha. Mwaka 2020 England ilionja jinsi kimoja kinavyoweza kugeuka kingine. Mitihani ilifutwa kwa sababu ya korona, walimu wakapeleka gredi zao, kisha mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikazipitisha kwenye kanuni ya kompyuta iliyoangalia mpangilio wa wanafunzi darasani na matokeo ya shule hiyo miaka iliyotangulia. Tarehe 13 Agosti matokeo ya A-level yalitoka. Karibu gredi 4 katika kila 10 zilikuwa zimeshushwa chini ya zile za walimu. Mtoto hodari wa shule ambayo kaka zake hawakuwahi kung'ara alibebeshwa historia ya kaka zake. Wanafunzi waliingia barabarani, na tarehe 17 serikali ikarudi nyuma, zikatumika gredi za walimu.

Walimu nao wana mkono wazi. Utafiti wa Gill Wyness wa University College London, uliochapishwa 2016, ulikuta kwamba asilimia 16 tu ya waombaji walipata sawasawa na walivyokadiriwa katika masomo yao matatu bora. Asilimia 75 walikadiriwa juu ya walichopata. Upande wa pili, vijana wenye uwezo mkubwa wanaotoka katika familia za kipato cha chini ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kukadiriwa chini. Pendekezo la vyuo kusubiri matokeo lilitolewa na kamati ya Schwartz mwaka 2004, likafufuliwa 2021, na serikali ikalizika Februari 2022.

Turudi ukumbini jioni ile. Nilimgeukia mama nikasema, "Mama, hakutabiri. Amekadiria."

"Kwa kipimo gani?"

Hilo ndilo swali ambalo mwalimu alikuwa tayari kulijibu. Akafungua daftari: mtihani wa mwisho wa mwaka, majaribio mawili ya darasani, ripoti za maabara. Kemia ya kaboni ndiyo iliyomwangusha binti; kwingine alikuwa A. Gredi zingefungwa mwishoni mwa Septemba, kabla fomu haijatumwa, na wiki ya pili ya muhula kungekuwa na jaribio jingine ambalo lingehesabiwa. Shule nyingine hazina jaribio hilo, na ndiyo sababu swali la kipimo liulizwe Juni badala ya Oktoba. Fomu ikishaondoka, kuirekebisha ni shughuli nzito.

Mama akajaribu njia ya mkato pia, Waswahili hatukosi. "Mwambie aandike A, mtoto atajitahidi." Nikatafsiri kama ilivyo. Mwalimu akasema A isiyo na msingi humfanya mtoto apeleke maombi yote matano juu, kisha Agosti akakosa chaguo lake la kwanza pamoja na la akiba, akaanza kupiga simu kutafuta nafasi zilizobaki. Binti akasema anaelewa, mama akasema tutaona.

Likizo hiyo binti alirudia mitihani ya nyuma, karatasi baada ya karatasi, mezani pa jikoni. Septemba mama alinipigia simu. Jaribio limepita, B imekuwa A.

"Sasa mwanangu, hii ndiyo yenyewe, au bado makadirio?"

"Bado makadirio, mama."

"Na yenyewe?"

"Agosti."

"Basi usimwambie mtu," akasema, akakata simu.