Zombi aliyerudi akisema Kiswahili

Mwezi Machi mwaka huu mchezo wa Resident Evil umetimiza miaka 30. Ng'ambo wameukumbuka kwa jumba lake la msituni, mbwa wanaorukia ndani kupitia dirishani na risasi ambazo kila mara humwishia mchezaji mapema. Sisi tuliokulia Section 58, hapa Nakuru, tuna kumbukumbu nyingine. Kwetu mchezo wenyewe ni ule wenye namba tano katika mfululizo huo, uliotoka Machi 2009, ambamo watu wa kupigwa risasi walikuwa wakisema Kiswahili.

Siku ya kwanza kuusikia naikumbuka vizuri. Kibanda chetu cha gemu kilikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka: televisheni mbili, mabenchi, na mwenye kibanda aliyechukua pesa kwanza kabla ya kumkabidhi mtu padi. Siku nyingi ilikuwa kandanda tu, asubuhi hadi jioni. Jumamosi hiyo alikuwa ameazima PlayStation 3 kwa jamaa yake aliyerudi kutoka ng'ambo, nasi tukajazana hadi mlangoni.

Askari wa Kimarekani, Chris Redfield, anaingia katika mji wa vumbi uitwao Kijuju. Anachungulia dirishani. Uwanjani umati umekusanyika, mtu mmoja ameshika kipaza sauti anawahutubia, na jitu lenye shoka linamuua muuza nyama aliyekuwa akimsaidia Redfield kwa siri. Kisha umati wote unageuka na kumkimbilia mgeni. Hapo ndipo tulipotega masikio. Lafudhi haikuwa ya Nakuru wala ya Mombasa, na maneno mengine yalimezwa na kelele za bunduki, lakini ilikuwa ni ile lugha tuliyofanyia mtihani wa insha wiki iliyotangulia. Tulicheka sana, tukaigana. Baada ya muda kicheko kikakatika, na mvulana aliyeshika padi akaendelea kupiga risasi bila mtu kusema kitu.

Nimekaa na ukimya ule miaka mingi. Mwaka huu nimerudia kusoma yaliyoandikwa wakati ule, hasa aliyosema mwanahabari Mmarekani mweusi N'Gai Croal wa jarida la Newsweek, na nimeucheza mchezo wenyewe upya tangu mwanzo hadi mwisho.

Zombi alitoka Afrika. Wachunguzi wa lugha hulirudisha neno lake Kongo na Angola, kwenye nzambi, jina la Mungu, na zumbi, roho ya marehemu. Sikio la Mswahili linasikia humo mzimu na kuzimu. Waliotekwa na kuuzwa walivuka nalo bahari hadi mashamba ya miwa ya Haiti, na huko zombi hakula nyama ya mtu. Alikuwa marehemu aliyeibwa kaburini ili afanyishwe kazi, mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Ndugu zetu wa Tanzania wanamjua kiumbe huyo kwa jina la msukule: amezikwa, watu wamelia matanga, kumbe yuko kwa mchawi analima usiku na kulishwa pumba. Hofu ya Haiti na ya Tanzania ni moja, nayo ni hofu ya kufanyishwa kazi milele. Yeyote ambaye babu yake alikuwa kibarua katika mashamba ya walowezi ya Bonde la Ufa ataielewa bila kuelezwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1929, Marekani ikiwa imeikalia Haiti kijeshi, William Seabrook alitoa kitabu The Magic Island, akisimulia mazombi wakifanya kazi kwenye miwa ya kampuni ya sukari ya Hasco. Mwaka 1932 ikaja filamu White Zombie. Mwaka 1968 George Romero akatoa Night of the Living Dead, na wafu wakaanza kula watu, ingawa katika filamu ile neno zombi halitajwi hata mara moja. Katika vitabu vya katuni mambo yalikuwa magumu zaidi. Kampuni ya EC iliuza hadithi za makaburini kama Tales from the Crypt hadi mwaka 1954, Baraza la Seneti la Marekani liliposikiliza malalamiko kwamba zinaharibu watoto, na wachapishaji wakajiwekea kanuni iliyopiga marufuku wafu wanaotembea. Miaka ya 1970 Marvel iliwaita wafu wake zuvembi ili kuikwepa kanuni hiyo. Robert Kirkman na Tony Moore walipoanza The Walking Dead mwaka 2003 hakukuwa na wa kuwazuia, na katuni hiyo ilifika toleo la 193 kabla ya kufungwa mwaka 2019.

Mchezo wa Resident Evil ulitoka Japani tarehe 22 Machi 1996, kazi ya Shinji Mikami katika kampuni ya Capcom, na hapo zombi akapata maisha mapya mikononi mwa vijana wa dunia nzima. Mikami aliwatia wachezaji hofu kwa kuwanyima: risasi chache, milango inayofunguka polepole, chumba usichojua kilichomo.

Sasa nifike kwenye ugomvi wenyewe.

Julai 2007 Capcom ilionyesha kionjo cha mchezo wa tano. Redfield, Mzungu, yuko peke yake katika kijiji cha Kiafrika chenye jua kali, na Waafrika wanamjia kwa mapanga na majembe naye anawafyatulia risasi. Watengenezaji walisema wazi kwamba filamu ya Black Hawk Down, ile ya wanajeshi wa Marekani Mogadishu, iliwapa mawazo. Croal alipohojiwa Aprili 2008 hakubishana na kuwepo kwa Waafrika katika mchezo wa kutisha. Alilalamikia namna walivyopigwa picha. Kwa maelezo yake, kabla hata ya mtu yeyote kuambukizwa chochote, kamera ilikwisha kuwafanya watu wale waonekane wa kuogopwa: wamejificha vivulini. Alikumbusha kwamba picha za namna hiyo zina historia ndefu ya kuwadhalilisha weusi, na aliyezitumia hakuonyesha kuijua historia hiyo.

Wengi walimshambulia Croal. Walisema mchezo wa nne ulikuwa na wanakijiji wa Kihispania waliouawa vilevile na hakuna aliyelia. Mtayarishaji Jun Takeuchi alisema malalamiko hayakubadilisha mpango wa mchezo. Mwenzake Masachika Kawata alisema wao wako katika burudani, hawakuja kutoa maoni ya kisiasa. Hata hivyo, vionjo vilivyofuata vilimleta Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika anayepigana ubavuni mwa Redfield, na miongoni mwa maadui zikaonekana rangi mbalimbali. Mapema 2009 zikazuka habari kwamba kuna mahali ambapo wanaume weusi wanamburura mwanamke Mzungu. Bodi ya Uingereza iliyokuwa ikipanga madaraja ya filamu na michezo wakati huo ilijibu kwamba anayemburura ni mtu mmoja tu, naye si mweusi, na kwamba haikuona ubaguzi. Mwanaanthropolojia Glenn Bowman wa Chuo Kikuu cha Kent naye hakuona ubaguzi. Aliona hadithi ya kampuni ya kigeni inayowafanyia Waafrika majaribio, kwa hiyo hadithi ya kuupinga ukoloni.

Namheshimu Bowman kwa kuliona hilo, maana limo kweli. Kampuni ya Tricell ndiyo muovu wa hadithi, na wanakijiji wa Kijuju wametiwa vimelea kinywani kwa nguvu. Hawajafa, wameporwa miili yao, jambo lililo karibu zaidi na msukule kuliko na wafu wa Romero. Lakini endelea kucheza ufike kwa kabila la Ndipaya, pale kwenye mabwawa: mikuki, vinyago, sketi za nyasi. Mwandishi wa michezo Dan Whitehead wa Uingereza aliandika kwa hasira kuhusu picha za mchezo huu, na mimi nipo upande wake. Croal alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Lakini kuna jambo ambalo katika ugomvi wote huo, wa New York, London na Osaka, sijakuta mtu akiuliza. Kwa nini Kiswahili? Sheva anafanya kazi katika tawi la Afrika Magharibi la kikosi chake, na Kijuju imewekwa upande huo wa bara, kwa watu wa Kiwolofu, Kihausa, Kiyoruba, Kibambara. Kiswahili kilipelekwa huko kama rangi ya ukutani, kwa kuwa ndicho kilichopatikana. Jina Kijuju lenyewe linasikika kama juju ya Afrika Magharibi iliyovishwa kiambishi chetu. Maadui wanaitwa Majini, na mchezo unaeleza kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Maelezo hayo yanakaribia ukweli, lakini mchezo unamwita Majini hata adui aliye mmoja. Mtoto wa darasa la nne hapa Nakuru angewasahihisha: jini mmoja, majini wengi. Tena huenda angedhani wanazungumzia watu walio ndani ya maji.

Hili linaniuma kuliko sketi za nyasi. Lugha yenye tenzi, yenye Shaaban Robert, ilipewa kazi ya kuwa kelele, ili mchezaji wa ng'ambo asielewe kitu na aogope zaidi. Sisi tulielewa, na hakuna aliyetufikiria sisi kama wachezaji. Mchezo huo ulibaki kinara wa mauzo ya Capcom hadi mwaka 2018, kwa hiyo yawezekana kabisa mamilioni ya vijana duniani walisikia Kiswahili mara ya kwanza kutoka kinywa cha mtu wa kuuawa.

Na sisi wenyewe tulichora nini? Kenya haikukosa katuni. Taifa Leo ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, na Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao, alichora Akokhan, hadithi ya watu wenye nguvu za uganga, kabla ya kufariki katika ajali ya matatu mwaka 2012. Odoi ndiye aliyekaribia zaidi kutupa hofu iliyo yetu, na ni aibu kwamba kijana wa leo hapati kazi zake kwa urahisi. Kwenye michezo, Wesley Kirinya alitengeneza Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaungana na Eyram Tawia wa Ghana katika Leti Arts. Mwaka 2015 ukaja Nairobi X, wenye wavamizi kutoka anga za mbali. Watanzania walikuwa wametangulia kwa filamu: Mussa Banzi na Nsyuka yake, kisha Shumileta.

Nakuru haijatoa mchezo wa namna hiyo, na hilo silielewi. Ukisimama Section 58 ukatazama kaskazini unaiona Menengai, kreta ya volkano yenye upana wa kilomita 12 hivi, ambayo jina lake kwa Kimaasai huhusishwa na maiti. Wazee husimulia jinsi Wapurko walivyowashinda Walaikipia katika karne ya 19 na kuwatupa humo, na kwamba mvuke unaofuka ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda. Wakikuyu wanauita mlima wa mizimu. Watu bado wanashuka kusali kwenye mapango yake, na tangu 2011 mashine zimechimba humo kutafuta mvuke wa umeme. Mikami alilazimika kubuni jumba lake; sisi tumezaliwa karibu na letu.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mpwa wangu uwanja ule wa Kijuju. Ana miaka 14, kibanda chetu kimekuwa duka la M-Pesa, naye hucheza kwenye simu. Mtu wa kipaza sauti alipoanza kuhutubia, aliniomba nisimamishe mchezo kidogo.

"Mjomba, kwani hao ni watu wa kwetu?"

Nikamwambia asikilize mwenyewe kisha aniambie. Akairudisha sehemu ile nyuma, akainama karibu na spika, akaisikiliza mara tatu.