Nyumba na Misimu Yake: Makumbusho ya Lamu na Kalenda ya Mji

Nyumba ya mawe ya Lamu haikujengwa ili itazamwe. Ilijengwa ili ipokee mambo: uzazi, harusi, ugeni, eda na mauti. Kila chumba kilikuwa na siku zake, na siku hizo ndizo zilizokipa jina na heshima. Nyumba ya namna hiyo inapogeuzwa kuwa makumbusho huzuka swali ambalo jengo lililojengwa mahususi kwa maonyesho halilijui kabisa. Je, shughuli zilizokuwa zikiijaza nyumba zimekwenda wapi, na zile zinazoandaliwa kwa ajili ya umma mahali pake ni za nani? Mhadhara huu unalichunguza swali hilo katika mji wa Lamu, ambako Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanatunza majengo kadhaa ya kihistoria, na ambako kila mwaka mji mzima hugeuka uwanja wa sherehe.

Majengo yenyewe hayana historia moja. Ngome ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ikawa gereza. Makumbusho ya Lamu, yaliyo ukingoni mwa bahari, yamo katika nyumba iliyopata kukaliwa na maofisa wa utawala wa Kiingereza. Nyumba ya Waswahili, iliyo ndani zaidi katika vichochoro, ni ya karne ya 18, na katika hayo matatu ni hiyo peke yake inayostahili kuitwa nyumba-makumbusho kwa maana kamili, yaani makazi yaliyohifadhiwa ili yaeleze maisha ya waliokaa humo.

Anayeingia humo hupita kwanza dakani, penye mabaraza ya kupokelea wanaume, kisha tekani, kisha kiwanda, yaani ua usioezekwa. Kutoka kiwandani huanza misana miwili, msana wa tini na msana wa yuu, kila mmoja ukiinuka kidogo kuliko uliotangulia. Nyuma yake ndani. Na nyuma kabisa nyumba ya kati. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki upana wa takribani mita 3. Usam Ghaidan aliyaeleza haya kwa michoro katika kitabu chake cha mwaka 1975, na wanafunzi wa usanifu wamekuwa wakimfuata tangu wakati huo. Lakini mchoro huonyesha kuta tu. James de Vere Allen, na baada yake Linda Donley, ndio waliosisitiza kwamba mpangilio huo haueleweki bila matukio yake. Mama aliyejifungua alikaa faraghani hadi arubaini. Siku hiyo mtoto alifanyiwa kutolewa nje: alibebwa akizungushwa chumba baada ya chumba na kuelezwa kazi ya kila sehemu. Bibi harusi alipambwa na kuonyeshwa mbele ya ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa vilivyopangwa sahani za kaure. Mjane alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Nyumba ya kati ilihusishwa na uzazi na pia na kuoshwa kwa maiti, hivyo kwamba mtu aliweza kuianza na kuimaliza safari yake ya dunia mahali pamoja.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina uzito wa pekee. Neno *ndani* katika Kiswahili cha kawaida huonyesha mahali tu. Lamu ni jina la chumba. *Daka*, *tekani*, *sabule* na *wikio* ni maneno ambayo kijana aliyekulia katika nyumba ya matofali ya saruji hana sababu ya kuyatumia. Mtoto wa arubaini alikuwa akifundishwa nyumba na msamiati wake kwa wakati mmoja, ingawa bila shaka waliofaidika na somo hilo zaidi ni watu wazima waliokuwa wakisikiliza. Programu ya makumbusho inayomtembeza mwanafunzi wa shule chumba kwa chumba inafanya kazi iliyo karibu sana na ile. Tofauti ni kwamba mwanafunzi huyo anaambiwa majina ya vyumba ambavyo hatalala humo, na mara nyingi huambiwa kwa wakati uliopita.

Siwa ni mfano ulio wazi zaidi. Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu unaozidi mita 2, na siwa ya Lamu ya shaba, zote mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya ukingoni. Ni vyombo vilivyotengenezwa kwa ajili ya sauti. Vilipulizwa katika shughuli kubwa za mji na katika harusi za waungwana, na haki ya kupuliziwa siwa ilikuwa hoja ya ukoo, si ya mali peke yake. Mgeni anayeitazama leo huona ustadi wa nakshi. Asichokiona ni kwamba chombo hicho kilikuwa kikiwagawa watu wa mji katika wale waliostahili kupuliziwa na wale wasiostahili.

Hapo ndipo hadithi ya nyumba inapopungukiwa. Katika majumba ya ghorofa, orofa ya chini ilikuwa ya watumwa na ghala. Waliopanda na maji, waliopika na waliozisugua sahani za zidakani hawakuwa wenye nyumba. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watu hao na watoto wao hawakurithi misana wala siwa. Walichokipata, walikipata upande wa pili wa mji.

Mji wa Lamu kwa desturi huelezwa kwa nusu mbili: Mkomani, kaskazini, penye nyumba za mawe za koo za zamani, na Langoni, kusini, walikokaa wahamiaji wa Kihadhrami na Kingazija pamoja na waliotoka utumwani. Ni Langoni ambako Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, maarufu kama Habib Swaleh, alijenga msikiti wa Riyadha mwanzoni mwa karne ya 20. Aliwafundisha watu ambao elimu ya dini ilikuwa haijawafungulia mlango kwa upana, na alieneza usomaji wa maulidi ya Habshi, yenye matwari na sauti za pamoja. Peter Lienhardt, mwaka 1959, na Abdul Hamid el-Zein, mwaka 1974, wameeleza jinsi baadhi ya waungwana wa Mkomani walivyoyapinga. Ubishi ulihusu ngoma msikitini. Ndani yake ulihusu nani ana haki ya kuongoza sherehe ya mji. Historia imeamua. Maulidi ya Riyadha, yanayofanywa katika siku za mwisho za Mfungo Sita, ndiyo yanayoleta wageni Lamu kutoka pwani yote na ng'ambo.

Makumbusho yalipotaka kuwa na msimu, basi, yalikuta msimu upo tayari, na haukuzaliwa katika nyumba waliyokuwa wakiihifadhi. Uamuzi wa kujiunga nao ulikuwa wa busara. Pembezoni mwa ibada, Makumbusho ya Taifa yameshiriki kuandaa mashindano: mbio za punda ukingoni mwa bahari, mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, hati za Kiarabu. Mbio za punda ndizo zinazopigwa picha zaidi, na huenda kwa sababu hiyo wasomi huzidharau. Hawastahili kufanya hivyo. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, mawe, mchanga na chokaa vya kujengea nyumba vimebebwa na punda. Kijana anayeshinda mbio hizo anatoka katika kazi iliyoijenga Mkomani bila kuwahi kukaribishwa sabuleni. Kwa siku moja ustadi wake unatazamwa na mji wote.

Tamasha la Utamaduni la Lamu ni jambo tofauti. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati uleule ambapo Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2001, na kwa kawaida limekuwa likifanywa Novemba. Ngome na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake vimekuwa jukwaa: ngoma, mashairi, mapishi, upakaji hina, na igizo la harusi. Lina manufaa yake, hasa kwa mafundi na kwa malenga wanaopata hadhira. Hata hivyo, bibi harusi wa jukwaani anapambwa na kuonyeshwa mbele ya umati wa wanawake na wanaume, wenyeji na watalii, ilhali maana yote ya ndani ilikuwa katika kuchelewesha kuonekana huko na kukuweka mikononi mwa wanawake. Maneno yamebaki yaleyale; kilichogeuka ni mpaka kati ya mwenye kutazama na asiyeruhusiwa kutazama. Si lazima hilo liitwe upotoshaji, lakini makumbusho yana wajibu wa kulieleza kuliko kuliacha lipite kama mila isiyobadilika.

Kuna pia suala la wenye nyumba. Tangu miaka ya 1990 nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni, Wazungu hasa, na kukarabatiwa kwa ufundi mzuri. Zidaka zimerudishiwa chokaa, lakini arubaini na eda hazimo tena. Wasomaji wa Al-Inkishafi wanajua jinsi utenzi huo unavyoyataja majumba ya Pate yaliyobaki ukiwa pamoja na zidaka zake. Ukiwa wa Lamu ya leo ni wa namna nyingine, kwani nyumba ni nzima na safi, nayo hukaa imefungwa sehemu kubwa ya mwaka.

Nguvu ya kila sherehe ilipimwa na matatizo ya karibuni. Utekaji wa watalii mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyofuatwa na amri ya kutotoka nje usiku, viliupiga utalii wa Lamu vibaya. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizuia mikusanyiko kila mahali. Tukio linalomtegemea mgeni wa hoteli hudhoofika asipokuja mgeni huyo. Maulidi hufuata mwezi, yakirudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, na hayachagui majira yanayoipendeza biashara. Kati ya mwaka 2004 na 2006 yaliangukia Aprili na Mei, katika masika, wakati ambapo watalii ni wachache na bahari haina uungwana. Wageni wa Riyadha huja kwa mabasi hadi Mokowe na kuvuka kwa mashua, na hulala katika nyumba za watu wa Langoni.